Mambo ya Wafanya Kazi: Mfuko wa Chama na Macho ya Wanachama

Kila mwisho wa mwezi, mfanya kazi aliye mwanachama apokeapo hati ya mshahara wake huona mstari mmoja mdogo ambao aghalabu hausomi mara mbili. Mstari huo ni ada ya chama. Fedha zenyewe hazikupita mkononi mwake. Mwajiri amezikata kabla ya mshahara kutolewa, akazipeleka katika akaunti ya chama. Kwa kuwa mtu huyo hakuzihesabu kwa vidole vyake, ni rahisi kusahau kwamba zilikuwa zake. Mkulima aliye katika chama cha ushirika analijua jambo hilo vizuri, maana senti zinazokatwa katika kila kilo ya kahawa au ya majani ya chai nazo huenda vivyo hivyo, kimya kimya.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikisha kujaa, ni nani anayekilinda? Hilo ndilo swali la juma hili, na ili kulijibu yafaa kutazama mambo yaliyokipata chama kimoja kikubwa cha nchi ya Marekani, yaani chama cha wafanya kazi wa viwanda vya motokaa, kiitwacho kwa kifupi UAW. Chama hicho kilikuwa na katiba nzuri, wakaguzi wa hesabu, na sifa ya uaminifu iliyosikika katika nchi nyingi. Hata hivyo, katika mwaka 2021, watu wawili waliokuwa Marais wake, mmoja baada ya mwenziwe, walihukumiwa kifungo kwa sababu ya kula fedha za wanachama.

Habari hizo si za watu wasiohusika kabisa na Kenya. Katika mwaka 1956, Bwana Tom Mboya, kiongozi wa Shirikisho la Wafanya Kazi la Kenya, alizuru Marekani. Shirikisho la vyama vya huko, AFL-CIO, ambalo UAW ilikuwa mojawapo ya vyama vyake vikubwa, lilitoa dola 35,000 kusaidia kujenga makao makuu ya wafanya kazi katika Nairobi. Nyumba hiyo ikaitwa Solidarity House, na baada ya COTU kuundwa katika mwaka 1965 ikawa makao yake. Makao makuu ya UAW katika mji wa Detroit nayo huitwa kwa jina lilo hilo, ambalo maana yake ni mshikamano. Basi dola zile zilitoka katika ada za wafanya kazi wa Marekani waliojikata kidogo kidogo, na ni haki kuuliza ada za namna hiyo hutunzwa vipi.

ADA NA KAZI YAKE

UAW ilianzishwa katika Detroit mwaka 1935. Mwanzo wake ulikuwa mdogo, lakini katika majira ya baridi ya mwaka 1936 na 1937 wafanya kazi wa mji wa Flint walikaa ndani ya viwanda vya kampuni ya General Motors kwa siku 44, wakikataa kutoka, mpaka kampuni ikakubali kuzungumza na chama chao. Baada ya ushindi huo watu walijiandikisha kwa maelfu na malaki. Katika mwaka 1979 wanachama walikuwa 1,500,000. Baadaye kazi nyingi zilichukuliwa na mashine, viwanda vingine vikafungwa au kuhamishwa, na kampuni za kigeni zikajenga viwanda vipya katika majimbo ya kusini, ambako wafanya kazi wengi hawakuwa katika chama. Kufika mwaka 2020 wanachama walio kazini walikuwa wapata 400,000.

Ada ya UAW haikuwekwa kwa kiasi kimoja kwa watu wote. Tangu mwaka 1967 kila mwanachama wa kiwandani alitoa mshahara wa saa mbili kwa mwezi. Kwa njia hiyo mwenye mshahara mkubwa hutoa zaidi, na mwenye mshahara mdogo hutoa kwa kadiri yake. Katika mwaka 2014 Mkutano Mkuu uliongeza nusu saa, na ada ikawa mshahara wa saa mbili na nusu. Mtu aliyepata dola 30 kwa saa, basi, alitoa dola 75 kila mwezi.

Fedha hizo zina kazi tatu. Sehemu moja hubaki katika tawi, kwa kazi za kila siku na kwa kusikiliza malalamiko ya watu kiwandani. Sehemu ya pili huenda makao makuu, kulipa watumishi, mawakili na gharama za mapatano na waajiri. Sehemu ya tatu huwekwa katika mfuko wa mgomo, na ile nusu saa iliyoongezwa mwaka 2014 ilikusudiwa kujaza mfuko huo.

Ubora wa mfuko wa mgomo ulionekana katika mwaka 2023. Mwezi wa Septemba mwaka huo mkataba wa UAW na kampuni tatu kubwa, General Motors, Ford na Stellantis, ulikwisha bila mapatano mapya. Katika mfuko mlikuwa na dola zipatazo 825,000,000, na kila mwanachama agomaye alistahili kulipwa dola 500 kwa juma. Wanachama katika kampuni hizo tatu walikuwa wapata 150,000. Mwenye kujua kuzidisha ataona kwamba kama wote wangegoma siku moja, chama kingelipa dola 75,000,000 kila juma, na mfuko ungekauka baada ya majuma 11. Kwa hiyo viongozi hawakuwatoa watu wote. Tarehe 15 Septemba walianza na viwanda vitatu tu, vyenye watu wapatao 13,000, kisha wakaongeza kiwanda baada ya kiwanda, kampuni zisijue ni kipi kitakachofuata. Baada ya majuma sita walipata mapatano ya nyongeza ya mshahara ya asilimia 25 katika muda wa mkataba, unaokwisha Aprili 2028.

Hesabu ndiyo iliyoongoza mgomo huo. Kampuni nazo zilijua kwamba chama kinaweza kungoja. Chama chenye mfuko mtupu huingia katika chumba cha mapatano kama mtu aendaye sokoni bila fedha. Aweza kupiga kelele, lakini mwenye duka hamwogopi. Kwa sababu hiyo, mtu anayeiba fedha za chama haibi dola au shilingi tu. Anawapunguzia watu wote nguvu ya kudai mshahara wa haki.

UA ULIOJENGWA

Haifai kudhani kwamba wanachama wa UAW waliibiwa kwa kukosa sheria. Ua ulikuwapo, tena wa miti mingi.

Kwanza, sheria ya Marekani ya mwaka 1947 inamkataza mwajiri kumpa kiongozi wa chama fedha au kitu cha thamani, na inamkataza kiongozi kupokea. Pili, baada ya Kamati ya Baraza la Seneti, iliyoongozwa na Seneta John McClellan kuanzia mwaka 1957, kufichua wizi na vitisho katika vyama kadhaa, ilitungwa sheria nyingine katika mwaka 1959. Sheria hiyo inakitaka kila chama kipeleke kwa Serikali taarifa ya mapato na matumizi ya kila mwaka, na taarifa hiyo yaweza kusomwa na mtu yeyote. Inataka pia viongozi wa tawi wachaguliwe kwa kura ya siri angalau kila miaka mitatu, na viongozi wa juu angalau kila miaka mitano. Na watu wanaoshika fedha wawekewe dhamana.

Tatu, UAW yenyewe ilikuwa na wadhamini waliochaguliwa kutazama hesabu zake. Nne, katika mwaka 1957 ilifanya jambo ambalo vyama vichache vimelifanya: iliunda baraza la watu wasio wanachama, watu wenye elimu na heshima, wasikilize rufani ya mwanachama yeyote aliyeona kwamba amedhulumiwa na viongozi wake. Rais wa chama wakati huo alikuwa Bwana Walter Reuther, aliyeongoza tangu mwaka 1946 hata alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1970, na ambaye alijulikana kwa kutopenda anasa.

Ua huo ulikuwa bado umesimama siku wezi walipoingia. Hawakuuvunja, maana walikuwa ndio wenye funguo za lango.

JINSI FEDHA ZILIVYOLIWA

Wizi ulikuwa wa namna tatu, na kila namna yafaa kujulikana kwa sababu yaweza kufanyika katika chama chochote, kikubwa au kidogo.

Namna ya kwanza ilitoka kwa mwajiri. Kampuni ya Chrysler, ambayo baadaye iliitwa Fiat Chrysler, na UAW walikuwa na kituo cha pamoja cha kuwafundisha wafanya kazi. Fedha za kituo zilitolewa na kampuni. Kati ya mwaka 2009 na 2016 wakubwa wa kampuni walizitumia fedha hizo kuwapa viongozi wa chama zaidi ya dola 3,500,000 kwa njia za siri. Deni la nyumba ya kiongozi mmoja, zaidi ya dola 262,000, lililipwa lote. Wengine walipewa kadi za benki za kununulia wapendavyo. Kusudi, kama ilivyoelezwa mahakamani, lilikuwa kuwafanya viongozi hao washibe, walegee na wasisumbue. Watu hao hao ndio waliokaa mezani kuzungumza na kampuni juu ya mishahara ya maelfu ya watu. Katika mwaka 2021 kampuni yenyewe ilikiri kosa mahakamani, ikakubali kulipa faini ya dola 30,000,000.

Namna ya pili ilitoka katika fedha za chama chenyewe. Viongozi wa mkoa mmoja wa UAW walikuwa na desturi ya kufanya mkutano wa mafunzo kila mwaka katika mji wa Palm Springs, jimbo la California, mahali pa jua na starehe. Mkutano ulikuwa wa siku chache, lakini nyumba za kifahari zilikodishwa kwa wiki na miezi. Sigara kubwa za bei ghali, pombe, vifaa na nguo za mchezo wa gofu, na karamu vilinunuliwa, kisha vyote vikaingizwa katika hesabu ya hoteli. Makao makuu yalipopokea hati ya madai, yaliona jumla moja tu: gharama za mkutano. Zaidi ya dola 1,000,000 ziliondoka kwa njia hiyo na nyingine zinazofanana nayo. Sigara peke yake zilikuwa za zaidi ya dola 60,000.

Aliyekuwa mkuu wa mkoa huo ni Bwana Gary Jones, ambaye alichaguliwa kuwa Rais wa UAW mwaka 2018 akajiuzulu mwaka 2019. Aliyemtangulia katika kiti, Bwana Dennis Williams, alikuwa miongoni mwa waliofaidi nyumba zile. Bwana Jones alihukumiwa kifungo cha miezi 28, na Bwana Williams miezi 21. Hapa pana jambo la kutiliwa maanani sana. Bwana Jones alikuwa mhasibu aliyefuzu, na alifanya kazi kwa miaka mingi katika idara ya hesabu ya chama. Bwana Williams alikuwa Katibu Mweka Hazina kuanzia mwaka 2010 hata 2014. Watu hawa hawakukosa elimu ya kutunza fedha. Waliijua vizuri, na ndiyo sababu walijua mahali pa kuficha.

Namna ya tatu ilitokea katika tawi. Mweka hazina wa tawi nambari 412, katika mji wa Warren, jimbo la Michigan, alikula zaidi ya dola 2,000,000 katika muda wa miaka kumi, kutoka 2011 hata 2021. Hakutumia werevu mwingi. Alikuwa na kadi ya benki ya tawi, akainunulia vitu vyake. Na hundi za tawi alizihamisha katika akaunti alizozitawala mwenyewe. Fedha nyingi ziliishia katika nyumba za kamari. Alihukumiwa kifungo cha miezi 57.

KWA NINI HAKUNA ALIYEULIZA

Mtu aweza kustaajabu jinsi chama chenye watu malaki kilivyokosa mtu wa kusema, “Hesabu hii ya hoteli mbona ni kubwa?” Sababu ilikuwa katika njia ya kuchagua viongozi.

Kwa zaidi ya miaka 70 Rais wa UAW hakuchaguliwa na wanachama wenyewe. Kila tawi lilichagua wajumbe, na wajumbe walikwenda kwenye Mkutano Mkuu na kupiga kura huko. Njia hiyo si mbaya kwa asili yake, lakini tangu zama za Bwana Reuther kundi moja la viongozi ndilo lililotawala mkutano. Kundi hilo ndilo lililoamua ni nani atakayesimama, na ndilo lililogawa vyeo vya makao makuu na vya mikoa. Mjumbe aliyekuwa na tumaini la kupewa cheo hakutaka kuonekana akiuliza maswali. Mtumishi aliyekwisha kupata cheo alijua kwamba aliyempa aweza kumnyang'anya na kumrudisha kiwandani. Mtu aliyeuliza aliitwa mvunja umoja, na hakuna neno linalotisha zaidi katika chama cha wafanya kazi.

Ndiyo maana wadhamini walitia sahihi. Ndiyo maana taarifa za kila mwaka zilifika Serikalini bila doa. Mkaguzi hutazama karatasi anazopewa; akiona “gharama za mkutano” na hati ya hoteli imeambatishwa, hawezi kujua kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ilivutwa kama moshi wa sigara. Wanaoweza kujua ni wale waliokuwapo mkutanoni, na hao walinyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako.

DAWA ILIYOTUMIKA

Wapelelezi wa Serikali walianza kufungua mashitaka katika mwaka 2017, na watu zaidi ya kumi wa chama na wa kampuni wakapatikana na hatia. Kisha Serikali ikaketi na UAW. Mwezi wa Januari 2021 jaji aliidhinisha mapatano kwamba chama kiwekwe chini ya mwangalizi asiye mwanachama kwa muda wa miaka sita. Aliyeteuliwa ni wakili Neil Barofsky. Alipewa uwezo wa kuchunguza hesabu, kuwashitaki viongozi ndani ya chama, na kuwachunguza watu wanaotaka kugombea vyeo. UAW ilikuwa imekwisha kurudisha zaidi ya dola 15,000,000 kwa vituo vya mafunzo, fedha ambazo ilikuwa imezitoza isivyostahili.

Jambo la pili katika mapatano hayo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Wanachama waliulizwa kwa kura kama wanataka kumchagua Rais wao wenyewe, mtu mmoja kura moja. Mwisho wa mwaka 2021, karibu asilimia 64 ya waliopiga kura walikubali. Uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulianza mwaka 2022 ukamalizika Machi 2023, na Bwana Shawn Fain alimshinda Bwana Ray Curry, aliyekuwa Rais, kwa kura 483 tu.

Ingekuwa vizuri kama habari ingekoma hapo, lakini mambo ya watu hayaendi hivyo. Karatasi za kura zilipelekwa kwa zaidi ya wanachama 1,000,000, walio kazini na waliostaafu; zilizorudi katika duru ya kwanza hazikufika 110,000. Yaani katika kila watu kumi, karibu tisa walikaa kimya, hata baada ya kuibiwa, na hata baada ya kupewa uwezo waliokuwa wameunyimwa maisha yao yote.

Tena, katika mwezi wa Februari 2024, Katibu Mweka Hazina aliyechaguliwa pamoja na Bwana Fain, Bibi Margaret Mock, aliondolewa baadhi ya madaraka yake. Mwangalizi alichunguza, na katika ripoti ya Juni 2025 alisema kwamba mashitaka juu ya Bibi huyo hayakuwa ya kweli, bali alilipiziwa kisasi kwa sababu alishika kanuni za fedha na kusita kuidhinisha matumizi fulani. Ripoti ikataka arudishiwe madaraka yake. Jambo hilo laonyesha kwamba kuchagua viongozi wapya hakumalizi kazi. Mweka hazina mwema ni yule anayeweza kusema “hapana” kwa mkubwa wake, na mweka hazina wa namna hiyo hawezi kudumu kitini ikiwa wanachama hawajui kwamba amesema hapana, wala kwa nini.

MWANACHAMA WA KENYA NA HAKI ZAKE

Nchini Kenya sheria ya kuviandikisha vyama na kuvitaka vitoe hesabu si jambo jipya. Ilikuwapo tangu zama za ukoloni. Sheria inayotumika sasa ni ile ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007. Kwa sheria hiyo, ada hukatwa katika mshahara baada ya mfanya kazi mwenyewe kutia sahihi hati iitwayo Fomu S, na anayejiuzulu kwa maandishi hakatwi tena. Hata asiye mwanachama aweza kukatwa malipo fulani ikiwa mapatano ya chama yanamfaidi. Chama kinatakiwa kuweka vitabu vya hesabu, hesabu hizo zikaguliwe kila mwaka, na taarifa ipelekwe kwa Msajili wa Vyama. Mabadiliko ya viongozi nayo yaarifiwe kwa Msajili. Na mwanachama ana haki ya kuvitazama vitabu vya chama chake.

Haki hiyo ya mwisho ndiyo inayotumiwa kwa uchache kuliko zote. Wengi hawajui kwamba ipo. Wengine wanajua, lakini wanaona haya, wakidhani kwamba kuuliza hesabu ni kumshutumu mtu. Sivyo. Karani wa posta akimhesabia mteja fedha mbele yake, hakuna aliyemtukana mwenzake. Mweka hazina mwaminifu hupenda kuulizwa, maana siku maneno ya wivu yatakapotembea, vitabu vilivyosomwa na wengi vitamtetea.

Basi mwanachama aendapo kwenye mkutano wa mwaka na aulize mambo matano. Kwanza, wanachama wanaokatwa ada ni wangapi, na je, hesabu ya watu ukiizidisha kwa ada inalingana na fedha zilizoingia benki? Hesabu hiyo yaweza kufanywa na mtoto wa shule, nayo hufichua mengi. Pili, ni watu wangapi wanaotia sahihi hundi, na je, yupo mtu mmoja anayeweza kutoa fedha peke yake kwa hundi au kwa kadi? Tawi la Warren lingepona kwa swali hilo moja. Tatu, gharama za mikutano na safari zilikuwa nini, kitu kimoja kimoja, wala si kwa jumla: watu wangapi walikwenda, walilala siku ngapi, na mkutano ulidumu siku ngapi? Nne, je, chama au kiongozi wake yeyote amepokea fedha, mkopo, zawadi au safari kutoka kwa mwajiri? Tano, kiasi gani kimewekwa akiba kwa siku ya taabu, na kingeweza kuwalisha wanachama kwa majuma mangapi?

Majibu na yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na mwaka unaofuata yasomwe tena kabla ya hesabu mpya. Kiongozi ajuaye kwamba maneno yake ya mwaka jana yatasomwa mbele ya watu hutafuta risiti zake mapema. Na ikiwa mkutano wa mwaka hauitwi kabisa, hilo nalo ni jibu, na Msajili wa Vyama aweza kuandikiwa barua.

Mambo haya yanamhusu mkulima pia, ingawa hakatwi mshahara. Chama cha ushirika kina kamati, kina mweka hazina, kina safari za mafunzo na kina mikutano katika hoteli. Majina ya vitu hubadilika, lakini njia ambayo fedha hupotelea ni ile ile. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wanachama wa UAW walikuwa na daftari, tena zuri, lenye mihuri yote. Walilokosa ni watu wa kulifungua na kulisoma kwa sauti, na kwa kukosa hao mali ilipotea kwa miaka mingi kabla habari haijafika.